Gari la Turbo Katika Hewa ya Chumvi: Kulitunza na Kuliongezea Nguvu Nyumbani Mombasa

Mwenye gari la saluni lenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi) hapa Mombasa hupambana na mambo matatu ambayo kitabu cha gari huyagusia kijuujuu tu: chumvi, joto, na petroli isiyolingana na ile ambayo injini ilipimiwa kiwandani. Langu ni Subaru Impreza WRX la mwaka 2002, la milango minne, lenye injini ya EJ20 ya lita mbili na gia za mkono, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi zake nimeifanya mwenyewe chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu Tudor. Nitalitumia kuwa mfano kwa kuwa ndilo ninalolijua. Lakini mwenye Lancer Evolution, au Mark X isiyokuwa na turbo, atakuta mengi yanamfaa, mradi vipimo avichukue kwenye kitabu cha gari lake na asivichukue kwangu.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetafuta jambo jingine asipoteze wakati: nguvu ndiyo kitu cha mwisho kuongezwa. Kabla yake kuna oili, maji, breki na tairi, na mtu akivipa vitu hivyo haki yake huenda akagundua kwamba nguvu alizokuwa akizitafuta zilikuwamo ndani ya gari muda wote, zimezibwa na uchafu na mipira iliyopasuka.

Mahali pa kazi na vifaa

Kazi ya gari huanza na sakafu. Nyua zetu nyingi ni za mchanga, au za kabro zilizotandazwa juu ya mchanga, na jeki ikisimama hapo huzama upande mmoja polepole, bila sauti yoyote, mpaka gari liteleze. Tandika ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Stendi ninazozisema ni zile za chuma zinazouzwa kwa jozi. Mawe ya matumbawe ya kujengea, ambayo nimeona watu wakiyapanga chini ya gari kama wanaojenga msingi, hupasuka ghafla uzito unapoegemea kona moja, na matofali ya saruji hayana afadhali. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua pale kitabu kinapoonyesha, shusha gari likae juu ya stendi, kisha lisukume kwa bega kabla hujaingiza hata mkono. Likicheza, anza upya.

Magari ya Kijapani hufunguliwa kwa spana chache: 10, 12, 14, 17 na 19 zitakutosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Kifaa ambacho watu hukiona cha anasa, nami nakiona cha lazima, ni toki renchi, yaani ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Hedi za injini hii ni za aluminiamu, na nyuzi za aluminiamu hazisamehi mkono uliozoea kukaza mpaka mishipa ya shingo itokeze.

Wakati wa kazi ni baada ya swala ya alfajiri hadi kama saa nne. Baada ya hapo, hasa kuanzia Januari hadi Machi wakati wa kaskazi, jasho huingia machoni, chuma huchoma vidole, na mtu huanza kufupisha hatua ili amalize haraka.

Chumvi hula usiku na mchana

Anayeishi karibu na bahari hahitaji kuelezwa kutu. Anaiona kwenye mabati na kwenye bawaba za madirisha. Kwenye gari huanzia mahali pasipoonekana: ndani ya madigadi ya nyuma, kwenye kingo za chini za milango, kwenye nyaya za ardhi za umeme, na kwenye pini ambazo kalipa za breki, zile zinazobana pedi, huteleza juu yake. Kwa hiyo kuosha gari letu ni kuosha tumbo lake kwanza, na kung'arisha boneti ni jambo la baadaye. Mara moja kila wiki mbili, na kila baada ya kupita kwenye maji yaliyotuama wakati wa masika, ninapitisha mpira wa maji chini ya gari lote na ndani ya madigadi mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango navichokonoa kwa kijiti laini, kwa sababu vikiziba, mlango hugeuka kuwa mtungi.

Hapa pana mtego wa kwetu hasa. Maji ya visima vingi vya kisiwani na vya bara ya karibu yana chumvi, na wengi wetu tunayatumia kuoshea kwa sababu ya mfereji hayapatikani kila siku. Kuosha gari kwa maji hayo na kuliacha likauke juani ni kulipaka chumvi kwa mikono yako mwenyewe. Ukilazimika, osha kwa ya kisima lakini suuza kwa ya mfereji au ya mvua, ndoo mbili tu zinatosha kwa sehemu za chini, kisha liendeshe kidogo ili upepo ulikaushe.

Maji hayo hayo ya kisima yasiingie kwenye radieta hata siku moja. Mfumo wa kupoza injini hii hutaka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Chumvi na madini ya kisima hukaa ndani ya vijia vyembamba vya radieta na kuila aluminiamu kutoka ndani, na siku moja kwenye foleni ya daraja la Nyali mshale wa joto hupanda na mwenye gari hulaumu jua. Unapojaza upya, kumbuka kwamba injini za Subaru zenye turbo zina tangi dogo juu, karibu na intakula (kipozaji cha hewa inayotoka kwenye turbo), lenye kifuniko chake. Kulanti hujazwa hapo, taratibu sana, kwa sababu injini yenye silinda zilizolala hupenda kuficha hewa. Fungua kiskrubu cha kutolea hewa kilicho juu ya radieta, jaza mpaka kulanti itokee bila povu, kifunge, washa injini na hita yake ikiwa kwenye joto la mwisho, kamua mipira mikubwa kwa mkono, ongeza kadiri kiwango kinavyoshuka. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Mvuke wake hautoi onyo.

Upande wa umeme, ile ungaunga ya kijani na nyeupe kwenye vichwa vya betri huondoka kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi ya kuokea na mswaki mkuukuu. Fungua waya wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho kufungwa. Baada ya kukausha, paka grisi nyepesi juu. Kisha ufuatilie ule waya mnene unaotoka betri hadi kwenye bodi na injini: safisha mahali unapofungwa mpaka chuma king'ae. Nimeona magari yaliyobadilishwa koili tatu na kompyuta moja, kumbe tatizo ni bolti ya 12 iliyokuwa na kutu.

Oili

Oili ndiyo damu ya turbo, kwa maana iliyo karibu sana na uhalisia. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachouzuia usiguse chuma kinachouzunguka ni utando mwembamba wa oili hiyo hiyo uliyoimimina kwa faneli. Ikichelewa, ikichakaa au ikipungua, wa kwanza kufa ni mhimili huo, na beringi za mtambaapanya (krankshafti) hufuata. Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, au kila baada ya miezi sita gari likitembea kidogo, na kwa joto letu natumia oili ya sinthetiki ya 5W-40. Injini hii huchukua kati ya lita 4 na 4.5 pamoja na chujio.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Injini iwe na uvuguvugu, isiwe ya moto. Bolti ya kumwagia oili ya injini iko mbele, chini ya sampu (bakuli la oili), na hufunguliwa kwa spana ya 17. Iache idondoke mpaka tone moja lichukue sekunde kadhaa kufuatwa na jingine. Weka washa mpya, kwa sababu ile ya zamani imekwisha kubanwa na haitabana tena sawasawa, kisha kaza kwa takriban Nm 44 (nyutoni-mita, kipimo cha toki renchi). Chujio jipya lipakwe oili safi kwenye mpira wake, lizungushwe kwa mkono mpaka liguse, kisha liongezwe kama robo tatu ya mzunguko. Halihitaji spana.

Ninasema "iko mbele" kwa sababu mara yangu ya kwanza sikuipata. Nililala chini, nikaona bolti, nikajaribu spana ya 17 ikawa inacheza. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Badala yake nikachukua kubwa zaidi, nikafungua, na oili ikamiminika nzito, ya rangi ya asali, nami nikafurahi kuona jinsi oili ya gari langu ilivyokuwa bado safi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi na magari makubwa maisha yake yote, alikuwa akipita kuelekea dukani. Akasimama, akavuta hewa.

"Wanuka nini hapo?"

"Namwaga oili, ami."

"Hiyo si ya injini, mwanangu. Hiyo ni ya gia. Husikii kibiriti?"

Kweli ilikuwa inanuka mithili ya mayai viza, kwa sababu oili ya gia hutiwa viungo vyenye salfa ili ihimili meno yanayosuguana. Kama asingepita, ningefunga bolti, nikaongeza lita nne juu ya lita nne zilizokuwamo tayari kwenye injini, na kuliendesha gari likiwa na gia boksi tupu. Makosa mawili kwa mkono mmoja. Tangu siku hiyo natia alama ya rangi nyekundu kwenye bolti ya injini na ya njano kwenye ya gia, na nafungua kifuniko cha kujazia kabla ya kumwaga chochote. Gia boksi ya gia tano, ambayo oili yake ni hiyo hiyo inayohudumia difu ya mbele, nikaijaza upya kwa lita tatu na nusu za 75W-90 ya daraja la GL-5.

Kijiti cha kupimia kisomwe gari likiwa mahali tambarare, dakika kadhaa baada ya kuzima injini. Injini hizi zina tabia ya kunywa oili kidogo, hivyo kipime kila unapojaza petroli mara ya pili. Ukitoka safari ya kasi, kilomita mbili za mwisho ziende polepole ili turbo ipoe oili ikiwa bado inazunguka. Anayeingia kisiwani kutoka Mtwapa hahitaji ushauri huu, kwani foleni itampoza apende asipende.

Oili iliyomwagwa isiende mtaroni. Mitaro ya Tudor huishia kwenye mkono wa bahari ambao watu wanavua samaki. Ijaze kwenye dumu na uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chakavu.

Jambo la vipuri bandia linafaa kusemwa hapa. Niliwahi kuuziwa chujio lenye boksi lililochapishwa vizuri kuliko lile la asili. Nililipasua baadaye kwa msumeno, na karatasi ya ndani ilikuwa nusu ya ile ya kawaida, bila vali ya kuzuia oili isirudi. Tangu hapo nabeba chujio la zamani mkononi ninapokwenda dukani, nalinganisha uzito, nyuzi na mpira.

Mkanda na plagi

Mkanda wa taimingi wa injini ya EJ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari lililonunuliwa mkono wa pili bila karatasi za kuthibitisha lichukuliwe kuwa halijabadilishwa kamwe. Ukikatika, vali hukutana na pistoni, na hapo hakuna tena mjadala wa kuboresha. Badilisha pamoja nao puli zake, tenshona (kikazio cha mkanda) na pampu ya maji, kwa kuwa pampu huzungushwa na mkanda huo huo na ikikwama itauchana mpya. Kazi hii naweza kuifanya, lakini nilimpa fundi nikiwa nimekaa pembeni naangalia, na sioni haya kusema hivyo.

Plagi zinawezekana nyumbani kwa mwenye subira. Zimelala ubavuni mwa injini, kwa hiyo lazima uondoe betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili, utumie viunganishi vifupi vya soketi, na injini iwe baridi kabisa. Anza kuzungusha plagi mpya kwa vidole kupitia kipande cha mpira, ikikataa, itoe. Pengo ni milimita 0.7 hadi 0.8, na nguvu ya kukaza kama Nm 21.

Breki

Ikiwa una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, kiwe hiki. Unyevunyevu wa Mombasa huingia kwenye mafuta ya breki kupitia mipira na kifuniko, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta mapya ya DOT 4 huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi. Yaliyokwisha kunyonya maji hushuka hadi karibu 155, na yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama hadi sakafuni wakati ule unaoihitaji. Hapa kwetu nabadilisha kila mwaka.

Kazi ni ya watu wawili. Mimi huwa chini, na mpwa wangu wa miaka kumi na minne hukaa kwenye usukani akiwa na fahari ya rubani.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, mjomba."

"Usiachie mpaka nikwambie."

Nafungua kiskrubu robo ya mzunguko, mafuta meusi hupita kwenye mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, nafunga. "Achia." Basi hivyo hivyo, mpaka yatoke meupe bila kiputo. Neno "usiachie" ndilo kazi yote, kwa sababu akiachia kiskrubu kikiwa wazi, hewa huvutwa ndani. Kwenye Impreza mpangilio ni wa mkingamo: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Kopo la mafuta juu lisiachwe likauke, na tone likidondoka kwenye rangi limwagiwe maji mara moja, maana huivua rangi kama ngozi ya kitunguu.

Magurudumu yakiwa nje, toa pini za kalipa, zifute, zipake grisi ya silikoni inayohimili joto la breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Pini iliyokwama kwa kutu huifanya pedi moja iishe upande mmoja, na gari huvuta pembeni ukishika breki kwa nguvu. Wengi huliita tatizo la alaimenti na kulipia alaimenti.

Ndipo uje kwenye kuboresha. Pedi bora, mafuta mapya na mipira iliyosukwa kwa waya wa chuma hutosha kwa anayeliendesha gari barabarani. Kalipa kubwa za Brembo kutoka kwenye STI, toleo kali zaidi la Impreza, zinaingia, lakini zinadai rimu ya inchi 17 na kuendelea, na zinadai pia pampu kuu inayolingana nazo. Pedi mpya zizoezwe: punguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa, kisha liache gari litembee zipoe.

Tairi na springi

Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne hutaka tairi nne zenye mzingo sawa. Tairi moja mpya kati ya tatu zilizochakaa huifanya difu ya katikati ifanye kazi bila kupumzika, hata kwenye barabara iliyonyooka, mpaka ijichome. Kwa sababu hiyo tairi ya mtumba kwa gari hili naiona ni hasara iliyovaa nguo za nafuu. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma pia herufi ya mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na nati zikazwe kwa mkingamo, kama Nm 100.

Kuhusu kulishusha gari chini, nina maoni makali. Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka 1997 haikulalia tumbo. Magari ya mashindano yale yaliinuliwa na kuimarishwa, kwa sababu barabara ndiyo iliyoamua. Barabara zetu zina matuta ambayo hayakupimwa na mtu yeyote, na kuna kivuko cha Likoni. Maji yakijaa utapanda feri bila shida. Yakipwa, ngazi ya feri husimama wima, na saluni iliyoshushwa sentimita tano huburura bampa mbele ya umati usio na huruma. Sentimita mbili, pamoja na shokabsoba mpya na bushi mpya, zinatosha kabisa. Anza na bushi: za asili zikiwa na miaka ishirini zimekwisha kuwa biskuti, na kuzibadilisha peke yake kutakurudishia usukani ulioudhania umezeeka. Kisha alaimenti, kwa mashine.

Nguvu

Petroli ya daraja la juu nchini Japani huuzwa ikiwa na okteni karibu 100, na injini za Impreza za soko la Japani zilipangiwa hiyo. Petroli ya kawaida ya Kenya ni ya okteni 93. Okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa na joto bila kuwaka kabla ya wakati wake, na inapowaka mapema injini hugonga, sauti kama ya kete za bao zinazotikiswa ndani ya kopo, mara nyingi ndogo kiasi kwamba dereva haisikii kwa ajili ya redio. Kompyuta ya gari huisikia kupitia kihisi chake na kuichelewesha cheche, nguvu zikapungua. Ndiyo maana gari lililofika juzi kutoka Japani huonekana zito hapa. Anayeongeza presha ya turbo juu ya hali hiyo anaongeza kile hasa kinachovunja pistoni.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuongeza nguvu ni kutafuta zile zinazovuja. Toa mpira unaoingia kwenye turbo, uzibe kwa kifuniko cha plastiki ulichokitoboa na kukitia vali ya tairi, pampu hewa kwa pampu ya mkono isizidi psi 10, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye gari langu povu lilitoka sehemu tatu, moja yake ikiwa chini ya intakula, ambapo klempu ilikuwa imelegea na kuacha alama nyeusi ya oili. Klempu mpya na dakika arubaini za kazi zilifanya tofauti ambayo abiria aliitambua kabla sijamwambia. Intakula yenyewe, iliyo juu ya injini kwenye magari haya, safisha mapezi yake kwa maji ya nguvu ndogo. Kwenye foleni hupikwa na injini, na huhitaji kila upenyo wa hewa uliobaki.

Hatua ya pili ni kuyaona yanayotendeka ndani. Kifaa cha kusomea kompyuta pamoja na programu huria ya RomRaider, inayotumika kwa Subaru, vitakuonyesha kama injini inagonga na kwa kiasi gani cheche imerudishwa nyuma. Andika matokeo ya siku ya joto ukiwa na petroli unayoinunua kila siku.

Hatua ya tatu, kupanga upya kompyuta, si ya nyumbani. Mpe mtu mwenye mashine ya kupimia nguvu na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, na mshurutishe apange kwa petroli ya okteni 93, kisha wewe usimdanganye kwa kujaza nyingine siku hiyo. Atakayekuletea kwenye flashi ramani (mpangilio wa kompyuta) iliyopangwa kwa petroli ya Japani au Uingereza, mshukuru na uiache.

Bomba pana linalotoka kwenye turbo ni kweli huongeza nguvu, lakini likifungwa bila kupanga kompyuta, turbo hupandisha presha kupita ile iliyoamriwa, na mchanganyiko ukapungua petroli. Chujio la hewa la pamba yenye oili huchafua kihisi cha hewa. Karatasi inatosha, ikibadilishwa mapema kwa ajili ya vumbi. Ile vali ya kupumulia nje inayotoa mlio wa "pshaa" kila ukibadilisha gia hutupa hewa ambayo kompyuta ilikwisha kuihesabu, gari likavuta moshi na pengine kuzimika kwenye taa. Nimewaambia vijana wa mtaani hivyo na hawajanisikia. Na kwa mabomba yenye kelele, yapo masharti ya mwaka 2009 ya kudhibiti kelele yanayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, mbali na majirani wenye watoto wachanga.

Ukibadilisha injini au rangi, taarifa ziandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, ili hati ya umiliki (logbook) ilingane na gari lenyewe, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kabla ya ajali, nakala ubaki nayo. Vifaa vya asili ulivyovitoa usiviuze. Mkaguzi, au mnunuzi wa baadaye, huenda akavitaka. Langu, lile bomba la kiwandani pamoja na springi zake, nimelipaka oili chakavu, nikalizungushia gunia na kulihifadhi juu ya dari ya stoo; na kila masika yanapokaribia nalishusha, nalifuta, na kulipaka tena, kwa sababu hewa ya bahari hufika hata huko.